Uliza Fundi: Usukani unaopiga, difu iliyokunywa maji na gari linaloamka kwa shida

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaoishi na Land Cruiser "mkonga", zile za injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Injini hiyo ilianza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1990, na hapa kwetu Arusha ndiyo bado inayopeleka watu Serengeti na kuwarudisha. Nimeanza kuifungua nikiwa kijana wa kushika tochi na kupokea spana, na ninaipenda. Ndiyo maana inaniuma ninaposoma kwamba mtu amenunua spea za mamilioni na ugonjwa uko palepale. Nimechagua barua ambazo ndani yake naona kosa hilohilo, nikazijibu kwa urefu ule ambao kila moja unastahili.

Shikamoo fundi. Naendesha mkonga wa watalii uliorefushwa, springi za mbele ni za mviringo. Nikiwa kwenye lami kati ya Karatu na Makuyuni, nikifika kilomita 70 kwa saa na kugonga shimo dogo tu, usukani unaanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu, hauachi mpaka nikaribie kusimama. Nimebadilisha tairi mbili za mbele, nimepiga balansi, nimefunga shokapu mpya ya usukani. Ulitulia wiki moja, sasa umerudi. Bosi anasema nanunua spea bila mpango. Nianzie wapi? (Dereva wa watalii, Karatu)

Marahaba mwanangu. Pole sana, maana najua mikono inavyokufa ganzi, na wageni nyuma wanavyonyamaza ghafla.

Ile wiki moja ya utulivu imekwishakupa jibu. Shokapu ya usukani haiponyi ugonjwa huu, inaufunika. Ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu ya kushikilia kitu kilicholegea, ikachoka, na sasa kile kitu kinacheza tena. Kazi yako ni kukitafuta, na kukitafuta hakuhitaji hata senti moja. Kunahitaji jeki, stendi na mwenzako mmoja.

Egesha mahali tambarare, zuia tairi za nyuma kwa mawe, piga jeki chini ya ekseli ya mbele mpaka tairi lielee, kisha weka stendi. Shika tairi mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa. Vuta juu huku ukisukuma chini, kisha geuza. Ukisikia "tok, tok", usikimbilie dukani. Mwambie mwenzako aingie ndani, akanyage breki na kuishikilia. Tikisa tena vilevile. Mchezo ukiisha, kilicholegea ni beringi za tairi, kwa sababu breki imeifunga habu (kitovu kinachobeba tairi) na kile chuma kinachoibeba vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki palepale, wenye kosa ni beringi za kingipini: zile mbili ndogo, moja juu na moja chini, ambazo mguu mzima wa mbele unageukia juu yake.

Kwa maelezo yako, naweka dau langu kwenye kingipini. Barabara ya kutoka lango la Loduare (Ngorongoro) mpaka lango la Naabi (Serengeti) ina mawimbi kama bati la nyumba, na yale mawimbi hupiga beringi hizo mahali pamoja, siku nenda rudi, mpaka zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Ukija kuzitoa, pitisha ukucha ndani ya kikombe. Utahisi mistari midogo iliyopangana kama meno ya kitana. Hapo ndipo usukani wako ulipopotea.

Kabla hujafungua, futa kwa kitambaa safi lile bakuli la chuma linalong'aa nyuma ya tairi. Kwenye gari zima kitambaa kinatoka na utando mwembamba wa grisi. Kikitoka na majimaji meusi yenye harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli. Maana yake sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili imeingia kwenye bakuli na imeosha grisi yote ya sivi jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likikata kona) na ya hizo beringi. Ukifunga beringi mpya ukaiacha sili ya zamani, utaniandikia tena baada ya miezi sita. Vibadilishe pamoja, upande wa kushoto na wa kulia: beringi nne, sili za ndani, sili za nje za kufutia vumbi. Na jaza grisi yenye molibdenamu kwenye sivi jointi, siyo grisi yoyote iliyo kwenye ndoo.

Wakati wa kurudisha, kuna vibati vyembamba chini ya kifuniko cha kingipini. Mafundi wengi wa haraka huvirudisha kama walivyovikuta, bila kupima, na kazi yote inaharibika hapo. Vibati hivyo ndivyo vinavyoamua beringi ibanwe kiasi gani. Kabla ya kuunganisha fimbo za usukani na kurudisha ekseli, chukua mizani ya ndoana, tundika kwenye ncha ya mkono wa usukani, vuta polepole na usome. Kipimo chake kimo kwenye kitabu cha gari. Ukiwa mlegevu, punguza kibati. Ukiwa mgumu kupita kiasi, ongeza. Ni saa nzima ya subira, na ndiyo inayotofautisha ukarabati wa miaka mitatu na ule wa miezi mitatu.

Kama jaribio la breki litaonyesha ni beringi za tairi, nati yake inataka soketi ya milimita 54. Fundi akianza kuifungua kwa nyundo na tindo, mnyang'anye kazi hapohapo. Nati iliyopigwa tindo haikazwi sawasawa tena, na beringi hizi zinaishi au kufa kwa jinsi zilivyokazwa: unakaza huku ukizungusha habu ili zikae vizuri, unalegeza, unakaza tena kidogo, kisha unakunja ulimi wa bati la kufungia.

Usisahau ile fimbo ndefu inayokatiza kutoka kwenye chesisi kwenda ekseli. Magari ya kuanzia 1999, yenye springi za mviringo mbele, yanaitegemea kushika ekseli isiyumbe. Tairi zikiwa chini na injini ikiwaka, mwenzako ageuze usukani kidogo kushoto na kulia, nawe tazama bushi zake. Fimbo ikisogea kabla ekseli haijasogea, bushi zimekwisha.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa biashara ya mpunga, nina Land Cruiser pikapu ya 1996. Asubuhi napiga stata mpaka betri inakaribia kuisha. Likiwaka linatoa moshi mweupe na kumisi kama dakika mbili, kisha linakuwa zima siku nzima, napanda nalo na magunia bila shida. Kijana wa hapa anataka kushusha pampu ya dizeli aipeleke Morogoro. Nikubali? (Mama wa mpunga, Mlimba)

Nzuri dada yangu. Usikubali. Pampu isishuke.

Gari lenye pampu iliyochoka halipandi na magunia siku nzima bila shida. La kwako linaumwa asubuhi tu, na asubuhi kuna washukiwa wawili: hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli usiku, au hita plagi (zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zilizokufa. Vyote viwili hutoa moshi mweupe, maana ule moshi ni dizeli iliyopuliziwa ndani ya silinda bila kuungua vizuri. Lakini Mlimba si Makete. Hewa yenu ya asubuhi haina baridi ya kuliangusha gari kiasi hicho, kwa hiyo mimi ningeshuku hewa kwanza.

Fanya hivi kesho alfajiri, kabla hujagusa ufunguo. Fungua boneti. Juu ya chujio la dizeli kuna pampu ndogo ya mkono. Ibonyeze taratibu, hesabu. Ikiwa laini mwanzoni, halafu baada ya mara kumi na tano au ishirini inakuwa ngumu, dizeli ilikuwa imerudi kwenye tangi na wewe umeirudisha. Sasa washa: ufunguo, subiri taa ya koili izime, stata. Likiwaka kwa mguso mmoja, umemkamata mwizi. Ni hewa.

Inapoingilia huwa ni mahali padogo pa kusikitisha. Mara nyingi ni mpira wa hiyohiyo pampu ya mkono, uliopasuka kwa uzee. Mara nyingine ni mpira wa duara unaokaa chini ya chujio, pale penye koki ya kutolea maji, ambapo mtu amefunga chujio jipya akarudisha mpira wa zamani. Au ni paipu ya mpira inayotoka tangini, imechanika chini ya klempu. Usitafute dizeli inayodondoka peke yake, kwa sababu tundu linaloweza kunyonya hewa si lazima limwage dizeli. Mwambie kijana akate kipande cha paipu ya plastiki inayoona ndani, akiunganishe kati ya chujio na pampu kubwa, awashe gari. Mapovu yakipita mtayaona kwa macho. Kisha ahamishe kipande hicho kabla ya chujio. Mapovu yakitoweka hapo, hewa inaingilia kwenye chujio; yakiendelea, inaingilia nyuma zaidi, kuelekea tangini.

Ikiwa pampu ya mkono ilikuwa ngumu tangu mwanzo, basi geukia hita plagi. Ziko sita, zimeunganishwa na bati moja refu. Ondoa bati hilo. Chukua taa ndogo ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande mwingine gusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ina uhai; isipowaka, imekatika. Ukinunua mpya hakikisha ni za umeme wa gari lako, kwa maana ziko za gari la volti 12 na za gari la volti 24, na dukani zinafanana.

Na nakuomba sana, kwa usalama wako na wa kijana: msipulizie petroli wala etha kwenye njia ya hewa ili liwake. Injini hii ina plagi zilizoiva kwa moto ndani yake. Nimeona pistoni iliyopasuka kwa tabia hiyo.

Kwa kuwa unanunua dizeli ya madumu msimu wa mavuno, kila Jumatatu fungua koki ya chini ya chujio, kinga kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, utaona mstari. Pampu yako hailainishwi na oili ya injini, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Kila tone la maji linapita pale pasipo na kitu kingine cha kuilinda. Ukifanya hivyo kila wiki, safari ya Morogoro utaifanya kwa ajili ya kuuza mchele.

Mzee, salamu kutoka Turkana. Gari letu, Land Cruiser 79, halina shida kwenye lami kutoka Kitale. Nikiingia laga (mto mkavu), mchanga, gia ya chini, mzigo nyuma, mshale wa joto unapanda mpaka karibu na alama nyekundu. Fundi wa hapa alitoa themostati akaitupa akasema ndiyo inayozuia maji. Sasa ni mbaya kuliko kwanza. (Dereva, Lodwar)

Salamu zimefika, ndugu yangu. Itafute themostati mpya leo, uirudishe.

Tabia ya kutoa themostati imeenea pwani mpaka bara, na imeua silinda hedi nyingi. Itazame themostati ya injini hii: chini yake ina kisahani kidogo. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Ikipata moto, themostati inafunguka juu kupitisha maji ya rejeta, na wakati huohuo kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, hakuna wa kuiziba. Sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka ndani bila kuonja upepo wa rejeta. Ndiyo maana hali imekuwa mbaya zaidi.

Sasa ugonjwa wa kwanza. Umeniambia mwenyewe: kwenye lami hapana, mchangani ndiyo. Kwenye lami upepo wa mwendo unaipooza rejeta. Mchangani unakwenda polepole, injini inalia, na anayepooza ni feni peke yake. Basi mtazame feni. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa moto, ondoa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikubishie. Ikizunguka mara tatu nne kama ya mezani, silikoni imekwisha, na mara nyingi utaona alama nyeusi ya mafuta katikati yake. Klachi ya namna hiyo haiikamati feni hata injini ikiungua.

Kisha rejeta yenyewe. Ichungulie kwa tochi kutoka upande wa injini. Mbegu za nyasi na vumbi lililoshikamana na oili hujikusanya katikati ya rejeta na kile kipooza cha kiyoyozi kilicho mbele yake, mahali ambapo ukisimama mbele ya gari huwezi kupaona. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya kawaida ya mpira. Mashine ya presha italaza mapezi na utakuwa umeziba mwenyewe.

Na punguza kazi unayoipa injini. Tairi gumu linachimba mchanga, tairi laini linapanda juu yake. Kama presha yako ya kawaida ni psi 45, shusha mpaka 25 kabla ya kuingia laga, punguza mwendo, na ujaze tena ukitoka. Ila kama gari lako lina rimu za vipande zenye tyubu, usishuke zaidi ya hapo: tairi huteleza juu ya rimu na kukata shina la valvu ya tyubu, na hapo utakuwa na pancha katikati ya jua la Turkana.

Ukishafanya yote haya na bado linachemsha, fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi kabisa, washa, utazame maji. Mapovu yasiyokoma hata baada ya dakika kadhaa ni gasketi ya silinda hedi, au ufa. Hapo usiliendeshe tena hata kilomita moja.

Fundi, naendesha gari la wagonjwa huku bonde la Rukwa. Wakati wa mvua tunavuka mito. Juzi nimecheki oili ya difu ya nyuma nikakuta imekuwa nyeupe. Gari halina kelele yoyote. Naweza kusubiri sevisi ya mwezi ujao? (Dereva, Sumbawanga)

Usisubiri hata kesho kutwa. Nakuambia nilichokiona.

Mwishoni mwa 1997 zile mvua za El Niño zilizikuta barabara zetu hazijajiandaa. Nilikuwa na miaka 22, msaidizi kwenye gereji moja hapa mjini. Mkonga mmoja tuliokuwa tunauhudumia ulikwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka, na njia ile yote ni makorongo. Dereva alifika kwenye korongo moja maji yakiwa usawa wa mlango. Alikuwa ametoka kukimbia kwenye joto, difu imeiva. Akaingia, akatoka, gari likaendelea kama halikuguswa. Siku ya tatu njiani kurudi, nyuma kukaanza kusaga. Lilipofika gereji, fundi wangu mkuu alilala chini akafungua nati ya kutolea oili, nami nikashika karai.

Ilitoka chai ya maziwa. Rangi hiyohiyo, na uzito huohuo. Ikatoka lita na lita, na chini ya karai pakabaki vumbi la chuma linalometameta. Tulipovunja difu, beringi za piniani (gia ndogo ya difu) zilikuwa na vidoa vya kutu na meno ya kroni (gia kubwa) yalikuwa yamechubuka. Difu nzima ilikuwa ya kutupwa. Fundi hakunikaripia. Alipanda juu ya ekseli, akafungua kidude kimoja kidogo kama kizibo cha soda, akakiweka kiganjani mwangu. Ni kile cha kupumulia difu. Kilikuwa kimejaa udongo mkavu, mgumu kama tofali. Kukisafisha kila sevisi ilikuwa kazi yangu, na sikuwa nimeifanya.

Difu ikiiva, hewa ya ndani inapanuka na kutoka kupitia pale. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa ghafla na difu inavuta pumzi. Isipopata hewa, inanyonya maji kupitia midomo ya sili. Na sikia vizuri: vile vidude vya kiwandani vingi vinatoa hewa tu, haviingizi, kwa hiyo hata kikiwa safi hakikuokoi mtoni. Kiondoe, funga nipo ya kawaida, vuta paipu ya mpira kutoka hapo ipande na chesisi mpaka juu karibu na mfuniko wa tangi, mdomo wake utazame chini na uwe na chujio dogo. Fanya hivyo difu ya mbele, ya nyuma na giaboksi. Gharama yake ni paipu na klempu.

Kwa leo: mwaga oili yote gari likiwa na joto, jaza oili mpya, tembea kilomita kama mia tatu, mwaga tena ujaze. Hiyo ya kwanza itakuwa imeosha mabaki. Chunguza pia sili, na grisi ya beringi za tairi za mbele, maana maji yaliyofika difu yamefika na huko. Na siku nyingine ukivuka mto mkubwa, liache gari lilale usiku kucha, asubuhi legeza kidogo tu ile nati ya chini. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia yenyewe. Yakitoka matone mawili ya maji safi kisha oili, umewahi. Wewe unabeba mama wajawazito. Mkaguzi wa gari hilo ni wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Fundi, ni kosa kuweka four wheel kwenye lami wakati wa mvua? (Msomaji, Njombe)

Kwa gari hili, ndiyo. Halina difu ya katikati, kwa hiyo ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa, wakati kwenye kona tairi za mbele zinasafiri njia ndefu kuliko za nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na kumaliza ugomvi. Kwenye lami hakuna kuteleza, na ugomvi unaishia kwenye krosi za propela na meno ya giaboksi. Ukiona ile gia ndogo ya four wheel inagoma kutoka, rudi nyuma mita chache kwa usukani ulionyooka, itaachia.

Nimenunua mkonga uliotumika, unasoma kilomita 140,000. Mkanda wa taimingi nibadilishe lini? (Msomaji, Tanga)

Leo. Taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha, lakini mita ya gari lililotumika inasema alichotaka muuzaji, na taa hiyo huzimwa kwa kubonyeza tu bila mkanda kuguswa. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni. Badilisha pamoja na beringi ya kuukazia, na kama sili za oili za mbele zina unyevu, nazo zitoke. Fundi akimaliza, kabla ya kugusa stata, azungushe injini kwa spana, mkono mtupu, mizunguko miwili kamili, na alama zote zirudi mahali pake mbele ya macho yako.

Napuliza chujio la hewa kwa kompresa kila nikirudi Ndutu. Ni sawa? (Dereva, Mto wa Mbu)

Ni sawa ukipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo na mdomo wa bomba ukiwa mbali na karatasi. Vumbi la Ndutu ni jivu la volkeno, laini kama unga wa sembe, na presha kubwa inatoboa matundu usiyoyaona. Baada ya kupuliza, ingiza taa ndani ya chujio kwenye chumba chenye giza ulizungushe. Penye nukta ya mwanga, tupa.

Lakini chujio zima halitoshi kama mpira wake wa pembeni umekakamaa, au mkonga wenyewe, ile paipu ya nje ya kuvutia hewa, una ufa pale unapoungana na bodi. Fungua paipu kubwa inayotoka kwenye chujio kwenda injini, futa mkono wako vizuri, kisha pitisha kidole ndani. Kinatakiwa kitoke kisafi. Kikitoka na vumbi, hata la kupaka ncha ya kidole tu, liache gari limezimwa mpaka uone lilipopita.